Vijana Waliokwenda Vitani na Miili Yao Isionekane

Mwezi huu tumepokea barua tatu ambazo waandishi wake hawajuani, na zote zinahusu waliokufa vitani, khasa wale ambao miili yao haikuonekana. Tumeamua kuzijibu pamoja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Siku za karibuni nilisoma habari za kijana wa Kimarekani wa miaka 19, askari wa marini, aliyeuawa Novemba 1943 katika vita vya Tarawa, Bahari ya Pasifiki. Mwili wake haujapatikana hata leo, na jamaa zake, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona, wangali wanamtafuta. Habari ile ilinikumbusha kakaake bibi yangu mzaa mama, aliyeingia jeshini wakati wa vita hivyo hivyo vya pili vya dunia, akawa askari wa mizinga, akapakiwa melini Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1944 na asirudi tena. Bibi alikuwa akisema tu kwamba "kaliwa na bahari". Nauliza, kwanza, inakuwaje mtu auawe katika kisiwa kidogo, mbele ya maelfu ya wenzake, kisha mwili wake upotee? Pili, ikiwa wenzetu wanamtafuta mtu wao baada ya miaka 80, sisi tuna la kufanya kwa wetu?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Nitaanza na Tarawa, kwa sababu ukifahamu yaliyotokea kule utaona kwa nini habari ya babu yako inataka njia nyengine ya kuitafuta.

Askari wa marini husafiri na manowari kama baharia, lakini kazi yake hasa ni kushuka pwani na kupigana kwa miguu. Waliopelekwa Tarawa walikuwa wa Divisheni ya Pili ya Marini ya Marekani. Tarawa yenyewe ni mkufu wa visiwa vidogo juu ya mwamba wa matumbawe, karibu na ikweta, katika nchi ambayo leo inaitwa Kiribati, na vita vilipiganwa katika kisiwa chake kimoja tu, Betio. Urefu wake ulikuwa kama kilomita tatu, na upana haukufika kilomita moja. Kwa mtu wa Pemba naweza kusema kuwa hakikipiti sana kisiwa cha Misali kwa ukubwa. Juu ya ardhi hiyo Wajapani walikuwa na watu wapatao 4,800, pamoja na vibarua wa Kikorea, na walikuwa wamejenga mahandaki ya zege na magogo ya minazi yaliyofunikwa kwa mchanga, na katikati yake uwanja wa ndege.

Wamarekani walishuka asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1943, na hapa ndipo mvuvi yeyote wa Kojani au Fundo angetikisa kichwa, kwa sababu siku ile yalikuwa maji mafu. Mwezi ulikuwa wa siku ishirini na ushei, umebaki nusu, na tena ulikuwa katika umbali wake mkubwa kutoka duniani, hata maji yakajaa kidogo mno. Meja Holland, aliyekuwa ameishi visiwani humo kwa miaka mingi, alikuwa amewaonya makamanda kwamba maji juu ya mwamba huenda yasitoshe kupitisha mashua, lakini mpango ulikuwa umeshafungwa. Mashua za kushushia askari zilihitaji kiasi cha futi nne za maji, na hazikuyapata. Magari ya minyororo yanayoogelea yaliupanda mwamba na kuendelea, lakini yalikuwa machache, na mengi yakapigwa. Vijana wengi wakalazimika kuziacha mashua kwenye ukingo wa mwamba na kutembea ndani ya maji, mita mia kadhaa, maji yakiwafika kiunoni na pengine kifuani, bunduki wameziinua juu, huku bunduki za mashine za Wajapani zikiwamiminia risasi kutoka pwani. Ukisoma kwamba kijana fulani aliuawa Tarawa siku ya kwanza, mara nyingi hapo ndipo alipofia, ndani ya maji, kabla hajakanyaga mchanga.

Vita vilidumu saa 76. Wamarekani waliouawa walikuwa karibu 1,000, na waliojeruhiwa kiasi cha 2,000. Katika jeshi zima la upande wa pili, Wajapani waliotekwa wakiwa hai walikuwa 17 tu, pamoja na Wakorea 129. Kwa hiyo fikiria, mwalimu, mwisho wa siku ya nne: maiti zaidi ya 5,000 katika ardhi ya ukubwa wa Misali, juani, kwenye ikweta. Walionusurika walikuwa wamechoka kupita kiasi na wengi wao walikuwa karibu kupakiwa melini na kuondoka. Ilibidi maiti zizikwe haraka, na zilizikwa pale pale zilipokutwa, mmoja mmoja au kwa safu katika mitaro iliyochimbwa kwa buldoza, kila mtu akifungwa ndani ya koti lake la mvua au blanketi. Kuna waliochukuliwa na maji, na kuna waliopigwa na mizinga kiasi kwamba wenzao hawakuweza kujua nani ni nani.

Lakini hayo peke yake yasingewapoteza watu wengi namna ile. Lililowapoteza ni yaliyofanywa baadaye, tena kwa nia njema. Uwanja wa ndege ulitakiwa kwa haraka, kwa hiyo wajenzi wa jeshi la majini waliingia na mitambo yao wakasawazisha kisiwa, wakajenga barabara na maghala. Kisha, ili mashujaa wawe na makaburi yenye heshima, waliyapanga upya maziara, yaani viwanja vya makaburi: wakaweka misalaba kwa mistari iliyonyooka, wakaandika majina, wakazungushia uzio. Mara nyingi waliihamisha alama bila ya kumhamisha aliyelala chini yake. Mwaka 1946 kilipofika kikosi cha kufukua na kukusanya mabaki, kiliikuta misalaba ile mizuri, kikachimba, na chini yake hakikumkuta mtu. Walichokipata kilikuwa kama nusu tu ya waliotarajiwa, na wengi katika hao hawakutambulika, wakazikwa Honolulu kama askari wasiojulikana. Mwaka 1949 jeshi liliwaandikia wazazi wa waliobaki kwamba watoto wao hawatapatikana.

Mimi barua hizo zinanihuzunisha kuliko hata habari za vita vyenyewe. Mama aliyepewa kwanza taarifa kuwa mwanawe ameuawa, kisha akaambiwa kuwa amezikwa katika ziara fulani, kaburi namba fulani, aliambiwa baada ya miaka sita kwamba katika kaburi lile hakuna mtu.

Sasa, kwa nini wanapatikana leo? Kwanza, kwa sababu Marekani haikuifunga kazi hiyo. Ina idara maalumu ya jeshi yenye maabara huko Hawaii, na hesabu yake ya wasiojulikana walipo kutokana na vita vya pili vya dunia pekee bado inapita 70,000, wakiwemo wengi walio chini ya bahari ambao hawatarajiwi kupatikana. Pili, kwa sababu wapo raia waliojitolea. Jumuiya moja iitwayo History Flight ilikwenda Betio, ikalinganisha ramani za zamani na picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa vita, ikatumia rada inayopenya ardhini, na mwaka 2015 ikatangaza kwamba imelipata ziara lililokuwa limepotea, lililoitwa namba 27, likiwa na mabaki ya watu zaidi ya 30 wamelala kwa safu kama walivyozikwa. Mmoja wao alikuwa Luteni Alexander Bonnyman, aliyeuawa tarehe 22 Novemba 1943 akiongoza shambulio juu ya handaki kubwa, na akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Alijulikana kwa meno yake yaliyozibwa dhahabu. Mjukuu wake alikuwapo Betio alipofukuliwa, na Septemba 2015 alizikwa Knoxville, Tennessee, miaka 72 baada ya kufa kwake. Huko Honolulu, majina ya wasiopatikana yamechongwa katika kuta za mawe. Akipatikana mmoja, jina lake halifutwi, ila kando yake huwekwa alama ndogo ya ua.

Ambao hawana meno ya dhahabu mara nyingi hutambuliwa kwa vinasaba, na katika jambo hili lugha yetu imetangulia. Sisi tunasema "ndugu wa tumbo moja". Kuna aina ya vinasaba ambayo mtoto huirithi kwa mama tu, baba haichangii hata chembe, na ndiyo inayodumu zaidi katika mfupa uliokaa ardhini miaka mingi. Kaka na dada wa tumbo moja wanayo ile ile. Dada humrithisha binti yake, na binti huwarithisha watoto wake wa kiume na wa kike. Ndiyo maana maabara zikimtafuta kijana aliyekufa bila ya mtoto huwatafuta sana watoto na wajukuu wa dada zake kwa upande wa kike. Mwalimu, wewe ni mtoto wa binti wa dada yake. Alama aliyoichukua babu yako vitani katika mifupa yake unayo wewe mwilini mwako hivi sasa unaposoma gazeti hili.

Hata hivyo nisikupe tamaa isiyokuwepo, kwa sababu sifa ulizonieleza, yaani askari wa mizinga, Mombasa, mwanzoni mwa 1944, na kuliwa na bahari, zinaelekea kwenye msiba mmoja mkubwa ambao watu wengi wa pwani hii hawaujui, na wanastahiki kuujua.

Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini kwenda Colombo, kuwapeleka askari katika vita vya Burma, ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Bama. Miongoni mwa meli hizo ilikuwapo Khedive Ismail, meli ya abiria ya Kimisri iliyogeuzwa kuwa ya kubebea askari. Ilikuwa na watu 1,511, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi, na 77 kati ya wanawake hao walikufa. Tarehe 12 Februari, siku ya Jumamosi, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Khedive Ismail ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Askari walio wengi walikuwa ndani, chini ya sitaha, na muda wa kupanda ngazi haukuwepo.

Waliofanikiwa kutoka walikuwa majini wakiogelea wakati nyambizi ilipojificha chini yao. Manowari mbili za kusindikiza, Petard na Paladin, ziliishambulia kwa mapipa ya baruti yanayoripuka chini ya maji, na miripuko ile iliwaua baadhi ya waliokuwa wakiogelea. Makamanda walichagua kuziokoa meli nyengine zilizobaki, na mimi siwezi kuwahukumu, lakini kila ninapolifikiria jambo hili moyo unakuwa mzito. Nyambizi iliibuka na hatimaye ikazamishwa. Waliookolewa katika Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297.

Kwa hiyo, ikiwa babu yako alikuwa katika meli ile, hakuna ziara namba 27 la kulifukua. Kuna maji tu. Lakini kuna jina, na hilo lina mahala pake. Serikali ya Uingereza haikuwa na desturi ya kuirudisha nyumbani miili ya askari wake kama Marekani ilivyozipa familia hiari, bali iliwazika karibu na walipofia, na ambao hawakuwa na kaburi majina yao yaliandikwa katika kumbukumbu za mawe. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliozama na Khedive Ismail yako Nairobi, katika kumbukumbu iliyomo ndani ya makaburi ya vita ya mji huo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inalo daftari la majina yote hayo, na mtu anaweza kulitafuta kwa intaneti bila ya malipo.

Unapolitafuta, kuwa na subira na tahajia. Makarani wa jeshi waliandika walichokisikia, kwa hiyo Hamadi anaweza kuwa Hamed au Ahmadi, Khatibu akawa Hatibu, Makame akawa Makami, na "bin" pengine imeachwa. Wengine waliandikishwa kwa jina la baba peke yake, au kwa lakabu. Jaribu kila sura, kisha angalia tarehe ya kifo na kikosi: ukikuta tarehe 12 Februari 1944 na mizinga ya Afrika Mashariki, umekaribia sana. Waulize pia wazee waliobaki, maana aghalabu kuna kipande cha karatasi, nishani au picha iliyowekwa ndani ya kasha, na namba ya askari ikipatikana inamaliza shaka zote. Ukifika Unguja, pita Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa, uulize kumbukumbu za walioandikishwa kutoka Unguja na Pemba. Lakini usimwambie mtu kwamba babu alikufa Khedive Ismail mpaka uwe umeliona jina lake, kwa sababu wako askari wa mizinga waliofika Bama wakafia huko, na nao wana kumbukumbu zao kule.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mtu mzima, nakaa Jang'ombe, Unguja. Ami yangu alikwenda vita vya pili vya dunia akiwa na Keya, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na hakurudi. Mamaake alikataa katakata kusema kuwa mwanawe amekufa, kwa hiyo hakusaliwa, hakusomewa hitma, na shamba lake la mikarafuu limekaa kwa jina lake mpaka leo, watu wanachuma tu na kugombana kila msimu. Tufanye nini?

JIBU: Mama yangu, kwanza nakupa pole ambayo ilikuwa haki ya nyumba yenu kuipata tangu zamani. Bibi yako hakukosea. Mtu akipotea bila ya dalili, asili yake ni kuhesabiwa hai, na ndivyo hata fiqhi inavyomtazama: mali yake huwekwa, hairithiwi, mpaka upatikane ushahidi wa kufa kwake, au upite muda ambao mtu mfano wake kwa kawaida asingeweza kuishi, hapo kadhi ahukumu kuwa amekufa. Ami yako, akiwa alizaliwa miaka ya 1910 au 1920, muda huo umeshapita kwa mbali.

Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu ugomvi wenu unaweza kuwa umejificha hapa. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kadhi akihukumu kifo kwa sababu ya kupita muda, warithi ni wale walio hai siku ya hukumu. Ukipatikana ushahidi kwamba alikufa siku fulani ya mwaka 1944, warithi ni wale waliokuwa hai siku ile, akiwemo mamaake, na haki ya kila mmoja wao imeshuka kwa warithi wake mpaka leo. Njia hizi mbili zinaweza kuwapa watu tofauti kabisa shamba moja. Kwa hiyo, kabla hamjakwenda mahakama ya kadhi, tafuteni jina lake katika daftari la vita kama nilivyomweleza mwalimu wa Wete, na mkilipata mchukue nakala. Kadhi ndiye atakayepima kama waraka ule unatosha kuwa ushahidi, lakini msimpelekee shauri mkiwa hamna hata tarehe.

Ama kuhusu kusaliwa, sala ya maiti asiyekuwepo ina asili katika sunna: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsalia Najashi wa Uhabeshi aliyefia mbali. Mashafi huikubali. Lakini vitabu vyao vinaweka sharti kwamba anayesali awe alikuwa mtu wa kuwajibikiwa na sala ile siku ya kifo. Kwa hiyo aliyezaliwa mwaka 1960 haimpasi kumsalia aliyekufa 1944. Nimelitaja hili kwa sababu najua wapo watakaowashauri mkusanyike mswali leo, na ni vyema mkalizungumze kwanza na sheikh wenu. Lililo wazi kwenu nyote, bila ya sharti la umri, ni dua, sadaka na hitma. Na kama alifia baharini, katika hadithi sahihi aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa pamoja na mashahidi.

Ningependa msisubiri shauri la shamba limalizike ndipo mumsomee. Hayo ni mambo mawili. Sisi wa visiwani tunaujua uchungu wa kukaa matanga bila ya maiti: baada ya meli ya Spice Islander kuzama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ziko nyumba nyingi, khasa za Pemba, ambazo hazikupata hata nguo ya kuzika, na zilisoma hitma hivyo hivyo. Nyumba yenu imengoja miaka zaidi ya 80. Chagueni siku, waiteni walio Pemba na walio bara, na litajwe jina lake kamili, lake na la babaake na la babuye, mbele ya watoto ambao pengine hawajawahi kulisikia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Bububu. Tulikwenda kisiwa cha Chapwani tukaona makaburi ya Waingereza. Walikufa vita gani, na je, nao walikuwa marini?

JIBU: Mwanangu, makaburi yale ni ya nyakati mbalimbali. Yamo ya mabaharia wa manowari zilizokuwa zikizuia majahazi ya watumwa, akiwemo Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya London, aliyeuawa Disemba 1881 alipojaribu kulikagua jahazi. Yaliyo mengi katika yale ya vita ni ya watu wa manowari ya Kiingereza Pegasus, waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, haiwezi kwenda. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka Rufiji, ikatokea ghafla na kuipiga kwa mizinga iliyofika mbali kuliko ya Pegasus yenyewe, na watu wa Mji Mkongwe wakaamshwa na mishindo hiyo. Walikufa watu 38. Manowari za Uingereza za zama hizo zilikuwa zikibeba marini pamoja na mabaharia, na ukirudi Chapwani soma kila jiwe polepole, maana cheo cha mtu kimeandikwa pamoja na jina lake. Königsberg ilirudi kujificha katika mikono ya mto Rufiji, na ikamalizwa huko Julai 1915.

Hao walikufa bandarini, mbele ya macho ya mji, na ndiyo maana wana mawe. Katika vita hivyo hivyo, Unguja na Pemba nazo zilitoa wapagazi waliovushwa bara kubeba mizigo ya jeshi, vyakula, risasi na vipande vya mizinga, vichwani, katika mvua na matope. Katika Afrika Mashariki nzima wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na walizikwa kando ya njia au hawakuzikwa. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jeshi lao hilo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja kuwa ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, lakini haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba waliokufa katika vita vile na zama zile, si chini ya 116,000 na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Umeuliza habari za wageni waliozikwa kwetu, na umefanya vizuri kuuliza. Nakuomba ukirudi nyumbani umuulize babu au bibi yako kama katika ukoo wenu yupo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani. Ukipata jina, liandike pamoja na mji aliotoka na jina la mamaake, utuletee. Tutalichapisha hapa.